UJENZI: Kwa nini dirisha la juu hushinda bati la kupitisha mwanga

UINGIAPO katika madarasa mengi ya humu nchini saa nne za asubuhi, jua likiwaka nje, si ajabu kukuta taa zimewashwa. Na pale ambapo stima haijafika, ama imekatwa kwa kutolipiwa, wanafunzi walioketi katikati ya chumba huinamisha vichwa hadi pua zikaribie kugusa vitabu, ilhali wenzao walio kando ya madirisha hukinga macho kwa viganja kwa kuwa mwanga umewazidi.

Hali hiyo haitokani na uhaba wa madirisha. Madirisha yapo, tena makubwa. Kasoro ni kwamba yamewekwa chini mno.

Mwanga unaopenya kupitia dirisha la kawaida hufifia upesi kadiri mtu anavyosogea mbali na ukuta. Wasanifu wa majengo wana kanuni ya kukadiria jambo hili: mwanga wa kutosha kusomea hufika ndani ya chumba kwa umbali wa mara mbili, au mbili na nusu, ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni. Upana wa dirisha hauna uzito mkubwa katika hesabu hiyo, wala kimo cha ukingo wake wa chini.

Kwa mujibu wa kanuni hiyo, dirisha linaloishia chini ya linta iliyo mita 2.1 kutoka sakafuni humulika mita nne, au tano na kidogo, basi. Dirisha likipandishwa hadi ukingo wake wa juu ufike mita tatu, mwanga hufika mita sita hadi saba na nusu, bila ya kuongeza hata kipande kimoja cha kioo.

Ipo sababu nyingine ambayo wengi hawaitambui. Anga haina mng'ao sawa kila mahali. Siku ambayo mawingu yametanda kote, kama ilivyo ada jijini Nairobi na katika nyanda za juu mwezi wa Julai, sehemu ya anga iliyo utosini hung'aa takriban mara tatu kuliko sehemu iliyo karibu na upeo wa macho. Dirisha la chini hutazama ua, miti, ukuta wa jirani na kile kipande cha anga chenye mwanga hafifu. Dirisha la juu hutazama utosi wa anga, ambako ndiko kwenye neema.

Dirisha la juu linalozungumziwa hapa ni lile lililo juu ya kimo cha macho ya mtu aliyesimama, aghalabu karibu na dari. Namna yake iliyo maarufu zaidi hupatikana katika nyumba yenye mapaa mawili yasiyolingana. Paa la upande mmoja huishia ukutani, ukuta huo ukaendelea kupanda kwa kiasi cha nusu mita au zaidi, kisha paa la upande wa pili likaanzia hapo juu. Katika ukanda huo wa ukuta uliobaki baina ya mapaa hayo ndimo madirisha hupangwa, safu moja kutoka mwisho hadi mwisho wa jengo.

Ufundi huu ni wa kale mno. Katika hekalu la Amun huko Karnak, karibu na mji wa Luxor nchini Misri, upo ukumbi wa nguzo 134 uliojengwa katika karne ya 13 kabla ya Kristo, wakati wa tawala za Mafarao Seti wa Kwanza na Ramses wa Pili. Nguzo 12 za katikati zina kimo cha mita 21 hivi, na zile 122 zilizosalia zina mita zipatazo 15. Tofauti hiyo ya kimo haikuwa ya urembo tu. Paa la katikati lilipanda juu ya mapaa ya pembeni, na katika nafasi iliyobaki wajenzi wakasimamisha viunzi vya mawe vyenye matundu marefu membamba ya kupitisha mwanga. Baadhi ya viunzi hivyo vingali vimesimama.

Warumi waliutumia mtindo huo katika kumbi zao za mahakama na biashara. Wakristo walipoanza kujenga makanisa makubwa katika karne ya nne, waliiga kumbi hizo: sehemu ya katikati iliyo ndefu na ya juu, na vipenu viwili vya chini kandokando yake. Yeyote aliyeketi katika kanisa la mawe la mtindo huo ameuona mwanga ukishuka kutoka juu ya vichwa vya waumini, bila pengine kujiuliza unatoka wapi. Katika jengo la Hagia Sophia jijini Istanbul, lililokamilika mwaka wa 537, madirisha 40 yamezunguka kitako cha kuba, na anayetazama kutoka chini hudhani kuba lote linaelea hewani.

Huko Ufaransa, waashi wa karne za 12 na 13 walifika mbali zaidi. Waliutoa uzito wa paa la mawe nje ya jengo kwa kutumia matao ya kuegemea, na kwa njia hiyo kuta za juu zikaachiliwa zigeuzwe kuwa vioo vitupu. Kanisa kuu la Chartres, lililojengwa upya baada ya moto wa mwaka wa 1194, ni mfano mashuhuri. Lakini tamaa nayo ina mpaka. Huko Beauvais, ambako dari la mawe lilipandishwa hadi karibu mita 48, sehemu yake iliporomoka mwaka wa 1284.

Hata hivyo, si makanisa yaliyolifanya dirisha la juu kuwa jambo la kawaida, bali ni viwanda. Katika karne ya 19, wenye viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza walihitaji kumbi pana zilizosheheni mitambo ya kufumia, na mfumaji alipaswa kuuona kila uzi. Taa za mafuta na za gesi zilikuwa na gharama, na pamba hushika moto kwa urahisi. Suluhu ikawa paa lenye umbo la meno ya msumeno: kila jino lina upande mmoja uliolala, ulioezekwa, na upande mwingine uliosimama wima, wenye vioo. Vioo hivyo vyote vilielekezwa kaskazini.

Hapo kwenye neno "kaskazini" ndipo wajenzi wa Afrika Mashariki hupotoshwa na vitabu vilivyoandikwa ughaibuni.

Huko Uingereza jua halipiti kamwe upande wa kaskazini saa sita za mchana. Dirisha linalotazama huko hupokea mwanga wa anga ulio mtulivu, usio na miale ya moja kwa moja. Afrika Kusini mambo ni kinyume, na mjenzi wa huko huelekeza vioo vyake kusini. Je, aliyeko karibu na Ikweta aelekee wapi?

Nairobi iko kiasi cha nyuzi moja na robo kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, nyuzi 65 hivi juu ya upeo wa macho. Mwezi wa Desemba huwa upande wa kusini, nyuzi 68 hivi. Katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba hupita utosini, hata kivuli cha mtu kikajificha chini ya nyayo zake. Kwa hivyo hakuna upande wa kaskazini au wa kusini ambao haupigwi na jua mwaka mzima, lakini pia hakuna kati ya pande hizo mbili ambao hupigwa na jua la chini wakati wa mchana.

Tafsiri yake kwa mjenzi ni hii. Dirisha la juu linaweza kuelekezwa kaskazini au kusini, mradi tu paa lililo juu yake litokeze mbele na kulitilia kivuli. Kwa dirisha lenye kimo cha sentimita 60, paa likitokeza kwa sentimita 30 tu, miale ya adhuhuri haiingii siku yoyote ya mwaka. Likitokeza kwa sentimita 60, yaani kiasi sawa na kimo cha dirisha lenyewe, miale huzuiwa kwa saa nne hivi kabla ya adhuhuri na saa nne hivi baada yake, hata katika Juni na Desemba ambapo jua limeinama zaidi. Ni nchi chache duniani ambako upenu mfupi hivyo hufanya kazi kubwa hivyo.

Mashariki na magharibi ni habari nyingine. Jua la saa mbili za asubuhi na lile la saa kumi za alasiri huwa chini, na hakuna upenu utakaolizuia. Darasa ambalo madirisha yake ya juu yanatazama magharibi hugeuka tanuri wakati wa vipindi vya alasiri, na mwalimu hulazimika kuyaziba kwa magazeti au kuyapaka rangi. Hapo gharama yote ya kuyaweka imepotea.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ajitaabishe kujenga mapaa mawili ilhali duka la vifaa vya ujenzi linauza mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Fundi huondoa bati moja la chuma, akaweka la plastiki, kazi ikawa imekwisha. Swali hilo ni la haki, kwani kwa bei tu hakuna ushindani.

Jibu limo katika zile nyuzi zilizotajwa hapo juu. Katika nchi za baridi jua huja kwa mshazari, na tundu katika paa hupokea kiasi kidogo cha joto lake. Karibu na Ikweta jua huwa juu ya paa mwaka mzima, na bati hilo hupokea miale yake ikiwa na ukali wote, kuanzia saa nne hadi saa tisa. Kinachoingia si mwanga pekee bali joto pia, na doa la jua kali ambalo hutambaa sakafuni kutoka dawati hadi dawati. Aliyeketi ndani ya doa hilo hawezi kusoma ukurasa mweupe, na aliye kando yake huona giza zaidi kuliko lilivyo kwa sababu macho yake yamezoea ule ukali.

Aidha, plastiki nyingi huchakaa kwa jua. Baada ya miaka kadhaa bati lililokuwa angavu hugeuka manjano, likaota ukungu na kupasuka kwenye misumari, na mvua ikapata njia. Katika ghala ambalo watu huingia na kutoka, hasara si kubwa. Katika darasa au zahanati, ambamo watu huketi kutwa nzima, ni kasoro ya kudumu.

Kuna hali moja ambayo tundu la paani halina mbadala, nayo ni ile ya vyumba vya mabati vilivyobanana katika mitaa ya mabanda, ambako kila ukuta ni wa jirani. Kwa nyumba za aina hiyo, fundi wa magari wa Brazil aitwaye Alfredo Moser alibuni mwaka wa 2002 taa isiyotumia umeme: chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kiasi kidogo cha dawa ya kung'arishia nguo, ikapenyezwa katika tundu la bati. Maji huutawanya mwanga wa jua chumbani badala ya kuuacha udondoke mahali pamoja. Mbinu hiyo imesambaa katika mataifa mengi.

Dirisha la juu lina faida ya pili ambayo huenda katika sehemu za joto ikaipiku ile ya kwanza. Hewa yenye joto hupanda. Chumba kikiwa na matundu ya chini pekee, hewa iliyopashwa na miili ya watu na paa la mabati hukusanyika chini ya dari na kukaa huko. Ukifungua njia juu, hewa hiyo hutoka na kuivuta ile ya baridi iingie kupitia chini. Kadiri tofauti ya kimo kati ya matundu ya chini na ya juu inavyozidi, ndivyo mvuto huo unavyozidi nguvu, hata siku ambayo hakuna upepo.

Watu wa pwani walilijua jambo hili kitambo. Katika nyumba za udongo na makuti, kuta za vyumba hazikupandishwa hadi kufika paani, na hewa ilipita juu yake kutoka chumba hadi chumba. Majumba ya mawe ya Lamu yalifuata njia tofauti. Upana wa vyumba ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko, ambao haukuzidi sana mita tatu, na mwanga haukutafutwa barabarani bali katika kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa. Kutoka hapo uliingia katika misana, ukadunda juu ya kuta zilizopakwa chokaa nyeupe, na kilichosalia kikafika ndani kwenye zidaka. Chokaa ile ilikuwa sehemu ya taa, kwa namna ya kusema. Ndivyo ilivyo kwa dirisha la juu pia: dari nyeupe, na ukuta mweupe ulio mkabala wa vioo, hufanya nusu ya kazi. Mwenye nyumba anayepaka dari rangi ya kahawia amejinyima mwenyewe.

Kwa upande wa jikoni, suala hili ni la uhai. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka wa 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya umri wa miaka mitano. Tundu pana la juu katika jiko la kuni hupunguza moshi unaovutwa na mama na mtoto aliye mgongoni. Haliuondoi. Dohani na meko bora vingali vinahitajika, na anayeahidi kwamba dirisha pekee litatosha anadanganya.

Lakini palipo na njia ya hewa pana njia ya mbu. Mbu aina ya Anopheles gambiae, ambaye ni miongoni mwa waenezaji wakuu wa malaria, huingia nyumbani zaidi kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Katika maeneo ya Ziwa Victoria na pwani, dirisha la juu lisilo na wavu ni mwaliko. Wavu nao hupunguza hewa na mwanga kidogo, kwa hiyo busara ni kupanua dirisha tangu mwanzo kuliko kuufinya wavu baadaye.

Msanifu aliyeyatia maarifa haya machoni pa ulimwengu ni Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, ambaye mwaka wa 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Pritzker. Shule ya msingi aliyoijengea kijiji chake, iliyokamilika mwaka wa 2001, ina dari la matofali ya udongo, na paa la mabati limeinuliwa juu yake ili hewa moto itoke katikati. Katika maktaba ya papo hapo Gando, vyungu vya udongo vilikatwa vitako na kupangwa ndani ya dari, vikawa matundu ya mwanga na hewa.

Kazi yake nyingine iko humu nchini. Karibu na Ziwa Turkana, chuo cha Startup Lions kilichokamilika mwaka wa 2021 kina minara mirefu iliyoigwa kutoka kwa vichuguu vya mchwa. Hewa baridi huingia kupitia matundu ya chini na ile ya joto hutokea juu ya minara, jambo ambalo lina maana kubwa mahali ambapo kompyuta hazistahimili joto wala vumbi.

Kuna mahali ambapo dirisha la juu halifai kuachwa peke yake. Kile kinachomzuia mwizi kuingia humzuia pia aliyemo ndani kutoka. Jela zina madirisha ya juu, na si kwa ajili ya mwangaza. Mnamo Machi 2001, wanafunzi 67 waliangamia katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, wilayani Machakos wakati huo. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na yafunguke kwa urahisi. Bweni linaweza kuwa na madirisha ya juu ya kuleta mwanga na hewa, lakini ni lazima yale ya chini yabaki, yawe wazi, na mtoto aweze kuyapita.

Gharama? Ukuta hurefuka kidogo, na mapaa mawili huhitaji mbao zaidi. Mahali ambapo paa la chini hukutana na ukuta ndipo panapovuja kama fundi hakuingiza bati la kukinga ndani ya ukuta na kulikunja juu ya paa. Upepo nao hupata pa kushikia chini ya paa lililotokeza, hivyo kenchi sharti zifungwe kwa vyuma vilivyozamishwa katika zege la juu ya ukuta. Vioo vya juu hukusanya vumbi, na visiposafishwa hupoteza sehemu ya mwanga wake, kwa hiyo mwenye jengo awe na ngazi, na kamba ndefu ya kuvifungulia.

Yote haya huamuliwa kabla ya fundi kuifikia linta. Baada ya zege la juu kumwagwa na paa kuezekwa, kulipasua jengo ili kuongeza safu ya madirisha ni kazi ya kuondoa paa zima, na wengi wakishasikia bei yake huamua kununua balbu.